Joka Limesema, Joka Amesema: Likizo Moja katika Visiwa vya Ursula K. Le Guin



Walioniomba nitoe mhadhara huu walitarajia, na walikuwa na haki ya kutarajia, kwamba nitazungumzia jambo nililolifanyia kazi kwa miaka mingi, yaani upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili. Nitalizungumzia. Lakini naomba nilifikie kwa njia ya mzunguko, kwa sababu mwaka jana upatanisho huo ulinikuta mahali nisipoutazamia: barazani kwa dada yangu, Tanga, wakati wa likizo ya Juni, nikiwa na kitabu cha majoka mkononi na mtoto wa darasa la tatu akinisahihisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudi likizo na vitabu sita vya Kiingereza alivyoazimwa na mwenzake wa bwenini. Alivisoma asubuhi, akavisoma mchana, na usiku mama yake alimnyang'anya taa. Nilimwuliza swali ambalo wajomba waalimu huuliza: mbona sikuoni na kitabu cha Kiswahili? Akanijibu kwa adabu zote, na jibu lake sijalisahau. "Mjomba, vya Kiswahili tunasoma kwa ajili ya mtihani." Kisha, kana kwamba anataka kunipoza, akaongeza: "Hata hivyo, mambo haya kwa Kiswahili yangesemwaje? Maneno yenyewe yako wapi?"

Mtu aliyekula mshahara wa lugha hii kwa miaka thelathini hawezi kuliacha swali kama hilo lipite. Nikajitia kimbelembele. Nikaahidi kwamba kila siku baada ya sala ya isha ningesoma sura moja, nikiifasiri papo hapo, ili mdogo wake wa kiume, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuhesabu na kusalimia, naye asikie. Mchana nilivisoma mwenyewe vitabu vyote sita. Usiku nilitoa hesabu.

Vitabu hivyo ni mfululizo wa Earthsea wa mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968, baada ya mchapishaji mmoja mdogo wa California, Parnassus Press, kumwomba aandike kitu kwa ajili ya vijana. Vikafuata The Tombs of Atuan mwaka 1971 na The Farthest Shore mwaka 1972. Kisha mwandishi akanyamaza kwa miaka 18 kabla ya kurudi na Tehanu mwaka 1990, na hatimaye vitabu viwili katika mwaka mmoja wa 2001. Ulimwengu wake ni bahari iliyojaa visiwa. Watu wake wengi wana ngozi ya rangi ya shaba au nyeusi. Weupe ni wachache, nao hutoka pembezoni mwa mashariki. (Filamu ya televisheni ya mwaka 2004 iliwageuza wengi wao kuwa weupe, na mwandishi akapinga hadharani kwa maandishi makali. Mpwa wangu alinieleza jambo hili kabla sijalisoma popote.) Jina la ulimwengu huo nililifasiri Barabahari, bara na bahari. Kijana akauliza kama ni barabara ya baharini. Nikalishikilia hivyo hivyo.

Tatizo la kwanza lilikuja kwenye jalada. Shujaa wa hadithi ni mtu wa uganga. Lakini ni wa namna gani? Ukimwita mchawi, umemhukumu kabla hajafungua kinywa, kwa sababu mchawi wa Kiswahili hana wema wowote. Anayetenda wema kwa nguvu zile zile ni mganga. Kiingereza cha Le Guin hakilazimiki kuamua mapema hivyo. Niliamua kuwaita wale wa vijijini waganga, na wale wakuu wanaofundisha katika chuo cha kisiwa cha Roke nikawaita mafundi. Uamuzi huu nautetea. Katika pwani yetu fundi si seremala tu. Anayeongoza ngoma ya pepo naye ni fundi, na ukivuka kwenda Ngazija mwalimu huitwa fundi. Neno lilikuwapo, limekaa likisubiri kazi.

Tatizo la pili ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Katika kitabu cha kwanza, kijana Ged anasafiri peke yake hadi kisiwa cha Pendor kukabiliana na joka kuu linalotishia visiwa vya jirani. Joka linashuka kutoka mnarani, linazungumza. Nikafasiri: "Joka likasema." Mtoto akanikatiza. "Mjomba, kama linasema, si linasema. Anasema." Dada yake, ambaye alijifanya hasikilizi, akaingilia kutoka dirishani: mazimwi ya hadithi za bibi yalikuwa yakisema siku zote, na ni *li* tu, hakuna aliyewahi kusema zimwi *akasema*. Wakabishana. Sura ya siku ile haikuisha.

Nataka tukae kidogo juu ya ubishi huo, kwa kuwa watoto wale wawili walikuwa wamegusa jambo ambalo vitabu vyetu vya sarufi huligusa na kuondoka upesi. Tangu Ashton mwaka 1944 tumefundisha kwamba majina ya viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino. Kifaru amekimbia, kiboko amezama, nyoka ameingia. Lakini papo hapo tunakubali kwamba ukubwa na udogo huweza kuvunja kanuni: jitu linakuja, kijitoto kinalia. Mwenye kusema ana hiari, na hiari hiyo ina maana. Anayesema kijitoto kinalia hajakosea sarufi. Ametuonyesha anavyomwona mtoto yule. Joka lenyewe kwa asili ni nyoka aliyekuzwa, na kwa hiyo limesimama mlangoni, mguu mmoja katika A-WA na mwingine katika LI-YA.

Sasa tazameni viumbe wa ghaibu. Zimwi ni *li*. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijasikia mtu akiisema kwa *a*. Jini huwa *a*, naye hupanda mtu, hudai mavazi na manukato, na huwa na kabila na dini. Shetani anayumba: mashetani yamempanda, mashetani wamempanda, yote utayasikia katika mtaa mmoja. Mzimu umekwenda katika ngeli ya miti na mito, mizimu imekasirika. Na ukithubutu kuupeleka kwenye wingi wa watu unapata wazimu, ambalo ni jambo jingine kabisa. Miungu hivyo hivyo imepewa wingi wa miti, na Mungu mmoja akabaki na upatanisho wa mtu. Sidai kwamba wahenga walikaa kitako wakapanga mgawo huu. Lugha haiendi hivyo. Ninachosema ni kwamba Kiswahili, kila kinapomtaja asiye wa kawaida, kinamlazimisha msemaji ajibu swali: huyu ni nani, au hiki ni nini? Na hakimwulizi mara moja. Kinamwuliza kwenye kitenzi, kwenye kivumishi, kwenye kimilikishi, kwenye kila kiungo cha sentensi. Kiingereza nacho kina hiari ya namna hii, lakini ipo kwenye kiwakilishi peke yake. Vitenzi vyake havijui.

Kwa upande mwingine, kuna maswali ambayo Kiswahili hakiyaulizi. Mwaka 1969 Le Guin alichapisha riwaya ya watu wazima, The Left Hand of Darkness, kuhusu watu wasio na jinsia ya kudumu, na kwa kuwa Kiingereza kilimlazimisha kuchagua, aliwaita kwa kiwakilishi cha kiume. Alilaumiwa, na baadaye yeye mwenyewe akaandika kwamba hakuridhika tena na uamuzi ule. Mfasiri wa Kiswahili angevuka pale bila hata kutambua kwamba kulikuwa na mto.

Basi nilirudi Pendor siku ya pili nikiwa na shauri. Ged ana silaha moja tu mbele ya joka: amesoma historia za kale na amekisia jina lake la kweli, Yevaud. Katika ulimwengu huu kila kitu kina jina katika Lugha ya Kale, na ajuaye jina la kitu ana mamlaka juu yake. Nikafasiri *likasema*, *likacheka*, *likanyosha bawa*, hadi pale Ged alipolitaja jina. Kuanzia hapo: *akanyamaza*. *Akatetemeka.* Sikueleza kitu. Mtoto alinitazama, akamtazama dada yake, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Nikajua kwamba amesikia.

Jambo la majina lilihitaji maelezo machache mno kuliko nilivyohofu. Shujaa alizaliwa akaitwa Duny. Wenzake humwita kwa jina la ndege, ambalo nilililitoa kwa Kipanga. Jina lake la kweli, Ged, alipewa na mwalimu wake akiwa na miaka 13, nalo hulijua watu wasiofika idadi ya vidole. Katika nyumba ambamo dada yangu huitwa Mama Fulani tangu azae, na ambamo hakuna mtoto aliyewahi kumtaja babu kwa jina lake, hili halikuwa fantasia. Nilimsimulia mpwa wangu juu ya wake wa Kinyakyusa wa zamani, ambao hawakulitaja jina la baba mkwe, na waliepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti, wakatumia mengine mahali pake. Akasema hao wangefaulu vizuri kule Roke.

Hapa niongeze habari moja ya mwandishi. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia. Mwaka 1911, karibu na mji wa Oroville huko California, alitokea mtu mmoja wa mwisho wa jamii ya Wayahi, ambao walikuwa wameuawa na kufukuzwa hadi wakaisha. Desturi yake ilimkataza kutaja jina lake mwenyewe, na hakubaki hata mmoja wa watu wake wa kumtajia. Kroeber akamwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake lina maana ya mtu. Alifariki mwaka 1916 na jina lake likaenda naye. Mama yake Le Guin, Theodora Kroeber, ndiye aliyeandika kitabu juu ya maisha ya Ishi, kikatoka mwaka 1961, miaka saba kabla ya hadithi ya Ged. Sitamfanya Ishi kuwa ufunguo wa riwaya. Mwandishi ana haki ya kubuni. Lakini mtu akiijua habari hiyo, hawezi kusoma kwa wepesi zile kurasa ambamo wanafunzi wamefungiwa katika mnara wa Fundi wa Majina, wakikariri majina ya kila rasi, kila ghuba na kila mwamba wa kisiwa kimoja kidogo, kabla wino haujafutika usiku wa manane.

Tuje kwenye kivuli.

Ged akiwa mwanafunzi, kwa majivuno na kwa kushindana na mwenzake, anamwita mfu kutoka upande wa pili. Ufa unafunguka na ndani yake kinatoka kitu cheusi kinachomrukia na kumjeruhi uso. Mkuu wa chuo anakufa kwa kuuziba ufa ule. Tangu hapo kitu hicho kinamwinda Ged kutoka kisiwa hadi kisiwa, na hakina jina. Kiingereza kimekiita kivuli. Nami nilikiita hivyo, na papo hapo nikaona hasara: kwa mtoto wa Tanga kivuli ni chini ya mwembe, ni mahali pa kupumzikia. Aliniuliza kwa nini mtu akimbie kivuli wakati jua ni kali. Sikupata neno bora, na sasa sitaki kulipata, kwa sababu ngeli ya KI-VI ilifanya kazi ambayo msamiati haukuweza. Kikamfuata. Kikasimama alipolala. Kikamwita kwa jina lake. Usiku baada ya usiku, ile *ki* ndogo ilizidi kuwa nzito, kama mtu agongaye mlango bila kusema hodi.

Naye kivuli analijua jina la Ged. Samahani: kinalijua. Mnaona jinsi kosa lilivyo karibu. Kwa hapo nilisimama nikawakumbusha watoto methali ya zimwi. Riwaya inaipinduapindua: kikujuacho chaweza kukumaliza kabisa, na kinachokuokoa ni kukijua nacho. Mwalimu wake wa zamani anamshauri aache kukimbia, ageuke, amwinde anayemwinda.

Ged anageuka. Anakifuata hadi mwisho wa mashariki, kupita kisiwa cha mwisho, mahali ambapo maji yanakuwa kama mchanga chini ya chombo. Wanakutana. Na katika wakati mmoja, mtu na kivuli wanalitaja jina la kila mmoja wao, na jina ni moja.

Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mchana na sikuona hatari. Usiku, na taa ya chemli katikati yetu kwa kuwa umeme ulikatika, niliifikia, nikafungua kinywa, nikakwama. Wanaisimu mliomo humu mmeshatambua. Kiima ni *Ged na kivuli*. Kimoja ni *a*, kingine ni *ki*. Kitenzi kinataka kiambishi kimoja cha wingi. *Vikataja* inamfanya Ged kitu. *Wakataja* inakifanya kivuli mtu. Tumeandika makala juu ya upatanisho wa viima vilivyounganishwa kutoka ngeli tofauti, nami nimeandika yangu. Tunashauri kwamba mwandishi akwepe, ageuze sentensi, atumie *kila mmoja*. Mtoto alikuwa amejiinamia mbele, mikono magotini. Hakukuwa na nafasi ya kukwepa.

Nikasema: "Wakataja."

"Kumbe ni mtu!" akasema. Na kabla sijalitamka jina, akanong'ona: "Ni yeye."

Msomaji wa Kiingereza hulisubiri jina ndipo ajue. Mtoto yule alijua kwa silabi moja, na aliijua kutoka ndani ya sarufi aliyonyonya kwa mama yake. Le Guin mwenyewe alieleza katika insha ya mwaka 1975 kwamba kivuli katika hadithi za watoto ni ile sehemu ya nafsi tunayokataa kuikubali kuwa yetu. Mpwa wangu wa darasa la tatu hakuisoma insha hiyo. *Wa* ilimtosha.

Basi lile swali la dada yake, maneno yako wapi? Kwa sehemu nililijibu kwa aibu. Yale ya bahari yapo, ila yeye hakuwa nayo. Kwake kubisha ni kukataa kauli au kugonga mlango. Hakujua kwamba chombo kinachokwenda kinyume cha upepo nacho kinabisha. Hakujua omo wala tezi, naye amezaliwa mita mia chache kutoka kwenye ngalawa. Nilipofasiri mahali ambapo mvuvi mzee anamwomba Ged apake macho omoni mwa mashua yake ili ione mbali, nilimwambia kwamba mtepe wa babu zetu nao ulikuwa na macho. Alidhani nimeongeza chumvi. Maneno haya yamehifadhiwa kwenye kamusi na kwenye vinywa vya wavuvi. Hayakuwahi kumfikia kwa sababu hakuna hadithi aliyoipenda iliyoyahitaji.

Je, hatukuwa na hadithi? Tulikuwa nazo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga ile ile, aliijaza Adili na Nduguze mwaka 1952 kwa majini, mji wa watu waliogeuka mawe na ndugu waliogeuzwa manyani, na mzizi wa kisa hicho uko katika Alfu Lela u Lela. Elisi wa Lewis Carroll alisema Kiswahili tangu mwaka 1940. Mifululizo nayo haikuwa migeni: Muhammed Said Abdulla alimfuata Bwana Msa wake kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960 hadi Kosa la Bwana Msa wa mwaka 1984. Lakini tazameni jambo hili. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule wa Ged. Giningi ni nchi ya wachawi ya Pemba. Jina peke yake linatosha kumfanya msomaji avute shuka. Na kazi ya Bwana Msa, kwa kiko chake na mantiki yake, ni kutuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna binadamu mwenye tamaa. Ni riwaya nzuri, na nimeifundisha kwa furaha. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa California mwaka ule, kwetu ulifungwa kwa ustadi. Ajabu ilipofufuka katika riwaya yetu, katika Nagona ya Kezilahabi mwaka 1990, Mzingile mwaka 1991, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed mwaka 2001 na Bina-Adamu! ya Wamitila mwaka 2002, ilifufukia chuo kikuu. Tuliipa jina refu, uhalisiamazingaombwe, tukaiwekea maswali ya mtihani wa shahada. Kijana wa kidato cha tatu tukamwachia kitabu chembamba chenye funzo.

Nimesema *tuka*. Kiambishi hicho nacho kina mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita mchapishaji mmoja, ambaye hana haja ya kutajwa, alinitumia muswada niutolee maoni. Ulikuwa wa kijana aliyemaliza ualimu karibuni. Hadithi ilikuwa ya kijiji ambacho kisima chake kilikuwa kikiiba sauti za watoto, na msichana aliyeshuka ndani kuidai ya mdogo wake. Mwandishi aliahidi juzuu mbili zaidi. Fomu niliyopewa ilikuwa na vipengele vitatu: lugha sanifu, maadili, na kufaa kwa matumizi ya shule. Kwenye maadili niliandika kwamba hadithi haina funzo bayana. Kwenye kufaa niliandika kwamba mfululizo ungewachosha walimu. Na kwenye lugha nilitumia kalamu nyekundu. Katika sura za mwanzo mwandishi aliandika *kisima kikacheka*, *kisima kikanyamaza*, sawasawa kabisa. Kuanzia pale msichana alipogusa maji, akaandika *kisima akasema*. Kila mahali. Nilifuta kila *a*, nikaweka *ki*, na pambizoni nikaandika kwamba mwandishi hajamudu upatanisho wa ngeli.

Muswada ulirudishwa. Sijauona tena, wala sijaona kitabu.

Nililikumbuka jambo hili usiku wa *wakataja*, baada ya watoto kulala, na naomba mniamini nikisema kwamba sikulala mapema. Mtu yule alikuwa amemudu upatanisho kuliko mimi. Alijua kwamba kiambishi kinaweza kubeba siri ya hadithi nzima, nami, mtaalamu wa viambishi, nilikiona kama doa la wino.

Likizo iliisha tukiwa katikati ya kitabu cha pili, pale msichana kuhani, ambaye hekalu limemla jina lake, anarudishiwa jina hilo na mgeni gizani: Tenar. Kijana akarudi bwenini na vitabu vya watu. Mdogo wake hunipigia simu kwa simu ya mama yake, na nimekuwa nikimsomea hivyo, kwa vipande, salio linapotosha. Cha tatu tulikivuka upesi. Ni kitabu ambamo waganga wanasahau maneno yao mmoja baada ya mwingine, na nilikiona kigumu kukisoma kwa sauti. Sasa tumefika cha nne. Ndani yake yumo mtoto wa kike aliyeunguzwa moto na watu wake mwenyewe, ambaye polepole tunaambiwa kwamba ni mtu na ni joka pia. Katika kurasa zangu nimemwekea kila mahali *a* kwa wino, na kando yake, kwa penseli, *li*.

Wiki iliyopita nilipekua majalada yangu ya zamani. Muswada sina, lakini nakala ya maoni yangu ipo, na juu yake jina la mwandishi na sanduku la posta la shule alikokuwa amepangiwa. Nimemwandikia. Sijui kama barua itamkuta. Nimemwomba radhi, kisha nimemwuliza kisima, katika juzuu ya pili, alisema nini.